Unyoya Kwenye Pakiti ya Dawa

"Sukari," alisema Daktari Mwaura kabla Inspekta Makokha hajakaa. "Ilipanda mpaka ikamuua. Jina refu la Kizungu utalikuta kwenye ripoti."

Makokha hakukaa. Mochari ile ya Nakuru ilikuwa na kiti kimoja tu cha wageni, mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, na kilikwisha kumwangusha mwaka jana mbele ya wafiwa. Alisimama kando ya dirisha, koti mkononi.

"Ilipanda? Haikushuka?"

"Ilipanda. Damu ya maiti inaweza kukuzungusha, lakini maji ya jicho hayana ujanja. Na damu yenyewe ilikuwa imejaa ile asidi inayotokea mwili ukikosa insulini ukaanza kujila mafuta. Huyu mzee alikufa kama mtu ambaye hajadungwa dawa kwa muda mrefu."

"Lakini alikuwa akidungwa. Mke wake anaapa, asubuhi na jioni."

"Na hadanganyi. Alama za sindano ziko tumboni, mpya na za zamani, zimeachana vizuri. Aliyekuwa akimdunga alikuwa na mkono wa huruma." Mwaura alivua glavu zake. "Kwa hivyo swali lako si kama alidungwa. Swali lako ni alidungwa nini."

Mzee Kiplangat, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Rongai, alikuwa amefia njiani akikimbizwa hospitali wiki iliyopita. Mahema ya mazishi yalikuwa yamekwisha kusimamishwa pale mwanawe mkubwa, Kipkirui, alipoingia kituo cha polisi na kusema baba yake asizikwe kwanza. Dada yake, alisema, amemuua mzee kwa kumjaribia dawa. Dada mwenyewe alikuwa Daktari Zeddy Jepleting, mtaalamu wa baiokemia katika maabara moja ya utafiti kule Njoro. Mahema yalishushwa, na tangu hapo nusu ya Rongai ilikuwa imemhukumu binti wa watu bila hata kuulizwa.

"Hiyo dawa ya binti," Makokha aliuliza, "ingeweza kufanya haya?"

"Anashughulika na homoni ya utumbo. Ukila, utumbo huitoa, nayo huenda kugonga mlango wa kongosho: amka, chakula kimeingia, toa insulini. Sasa, kongosho la Mzee Kiplangat lilikuwa limekufa kitambo. Ukimnyima insulini ukampa homoni hiyo, itagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Ndiyo, angekufa hivi hivi."

Makokha aliinua mfuko wa plastiki wa ushahidi hadi kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na pakiti ndogo ya karatasi ngumu, na ndani ya pakiti, kichupa cha insulini kilichobaki nusu. Polisi walikuwa wamekitoa mlangoni mwa friji ya nyumba ya marehemu. Mwaura alisogea akagonga kichupa kwa ukucha.

"Angalia. Kuna vitu kama nyuzi vinaelea. Insulini ya aina hii inatakiwa iwe safi kama maji ya kunywa. Mkemia ana sampuli, majibu utangoja, lakini mimi nakwambia hiyo dawa ilikufa kabla ya mzee."

Lakini macho ya Makokha yalikuwa kwenye pakiti. Karatasi yake ilikuwa imekunjamana, kama kitu kilicholowa kikakauka, kikalowa tena. Na chini ya kifuniko, kwenye kona, palikuwa na kinyoya cheupe kidogo kilichogandamana na karatasi. Alikuwa amekiona tangu siku ya kwanza na kukipuuza, kwa sababu hakuna boma la Rongai lisilo na kuku. Sasa alijiuliza kitu ambacho angejiuliza siku ile. Mlango wa friji ile ulikuwa mkavu na safi, una mayai na chupa ya maziwa. Unyoya ulilowa wapi?

* * *

Maabara ilikuwa nje kidogo ya Njoro, imezungukwa na mashamba ya ngano. Fundi wa maabara, msichana aitwaye Wangeci, alimpokea Makokha mlangoni na kumnong'onezea kabla hata hajaulizwa, kwani habari njema hazinong'onezwi.

"Inspekta, mimi sitaki kumharibia daktari jina. Lakini mwezi uliopita alitoa vichupa vya ile homoni akaenda navyo nyumbani. Hajavirudisha."

"Alikwambia ni vya nini?"

"Hakusema. Na si mtu wa kuficha vitu."

Daktari Jepleting alikuwa ameketi mbele ya mashine isiyowashwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti jeupe lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujisumbua kuyaficha.

"Pole kwa msiba, daktari."

"Asante. Keti, kiti hicho ni kizima."

Makokha aliketi. "Nieleze kazi yako kama unavyomweleza mtu wa kwenu."

Kwa muda mfupi uso wake ulichangamka. "Protini ni uzi mrefu uliokunjwa. Ukikunjika vizuri, unafanya kazi. Ukikunjuka, ni takataka. Nyumbani huwa nawaonyesha na yai. Joto likiguza protini, ni kama yai kuiva: hulirudishi kuwa bichi. Sasa kuna watu kule Marigat, kule Mogotio, wanaandikiwa dawa za sukari na hawana friji. Dawa inaivia kwa nyumba, wanajidunga maji. Mimi nimekuwa nikibadilisha hiyo homoni, kipande hapa kipande pale, ndiyo istahimili joto. Friji sitaki hata kuiona. Mtu aiweke kwa rafu kama chumvi, aendelee na maisha."

"Na umefaulu?"

"Karibu." Uso ulizima tena. "Baba alikuwa anawaambia watu kanisani kwamba msichana wake atawaponya wote."

"Kipkirui anasema ulimdunga mzee siku ulipokuwa nyumbani."

"Alisema kweli."

"Ulimdunga nini?"

Jepleting alitazama mikono yake. "Andika, Inspekta. Ni mimi. Nilimwaga insulini ya baba nikamwekea dawa yangu kwa kichupa chake. Nilitaka kujua kama inafanya kazi kwa mtu. Alikuwa anakufa na mimi nilifikiri anapona. Andika nitie sahihi, halafu mruhusu mama azike mzee wake."

Makokha hakutoa kalamu. Katika kazi yake alikuwa amesikia maungamo ya kila namna, ya kulia, ya kujisifu, ya kulaumu pombe. Haya yalikuja yamenyooka, kama shairi la mtoto wa shule siku ya wazazi. Na mtu asiyengoja kuulizwa mara mbili huwa ana haraka ya jambo.

"Ukishamwekea, ulikiweka wapi kichupa?"

"Mlangoni mwa friji. Ndani ya pakiti yake. Mlikikuta hapo hapo."

"Kwa friji."

"Ndiyo."

"Dawa ambayo hutaki ione friji."

Jepleting alishika kifungo cha koti lake shingoni. "Mazoea," alisema hatimaye.

"Na vile vichupa vingine ulivyotoka navyo hapa?"

"Nilivitupa."

"Wapi?"

"Chooni."

"Sawa," alisema Makokha, akainuka. "Vua koti. Tunaenda Rongai, ukanionyeshe."

Alidhani atakataa. Badala yake akashtuka, na kwa mara ya kwanza Makokha aliona woga usoni mwake. "Si unipeleke tu kituoni? Nimekubali kila kitu. Hakuna haja ya kwenda kwa mama."

"Haja ipo," alisema Makokha, ingawa alikuwa bado hajui ni ipi.

* * *

Kipkirui aliwapokea langoni, kofia ya sufi kichwani, mikono kiunoni. Alikuwa na bega pana na sauti ya kuita ng'ombe.

"Boss, huyu umemleta hapa kufanya nini? Wazee walisema asikanyage hii boma mpaka kesi iishe."

"Wazee hawajanitumia barua," alisema Makokha. "Fungua."

Mama Kipkirui alikuwa amekwisha kutoka jikoni, anajifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hakutembea kama mjane. Alitembea kama mtu ambaye ng'ombe wake bado wanataka kukamuliwa. Alimpita mwanawe, akamwendea Jepleting, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Zeddy. Umekonda."

"Chamgei, mama," binti alimsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising. Ingieni. Huyu mgeni amekunywa chai kweli?"

Makokha alijua nyumba za namna hii. Huwezi kumuuliza mtu habari ya kifo huku midomo yako ni mikavu. Alikunywa chai iliyojaa maziwa, akaongezewa, akasifu. Jepleting hakugusa kikombe chake. Kipkirui alisimama mlangoni akimtazama dada yake kama mbuzi aliyeingia mahindini.

"Kipkirui," Makokha alianza, "siku dada yako alikuja, aliacha kitu hapa nyumbani?"

"Si ndiyo nimekuwa nikiwaambia! Kuna kasanduku alipandisha juu ya stoo, chini ya mabati. Akasema tusiguse, ni mambo ya dawa. Mimi nikajua tu hapa kuna kitu."

"Na polisi waliokuja kwanza hukuwaonyesha?"

"Niliwaambia. Mmoja akasema haezi panda, ati ana goti."

Makokha aliapa moyoni kwamba atalitafuta goti hilo. Walileta ngazi, na Kipkirui akapanda, akashuka na sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba. Lilikuwa la moto kulishika. Ndani, katika matundu yaliyochongwa vizuri, vichupa vilikuwa vimesimama safu safu, na kando yake kipimajoto. Makokha alivitoa kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa kimejaa, na hakuna mfuniko uliotobolewa na sindano. Tundu tupu halikuwapo.

"Ulikuwa unaipima," alisema. "Uliiacha iive chini ya mabati ya Rongai uone kama itastahimili."

Jepleting alikazia macho kipimajoto.

"Vyote viko hapa, daktari. Hakuna ulichotupa chooni. Sasa niambie, mzee ulimdunga na kipi?"

Kipkirui alitazama vichupa, akamtazama dada yake, akatazama tena vichupa. "Boss, unasema aje? Yeye mwenyewe amesema hakumdunga?"

"Amesema alimdunga. Ndiyo shida yangu."

Makokha alitoa pakiti mfukoni. Alikuwa mtu wa hatua moja baada ya nyingine, na hatua iliyokuwa mbele yake ilikuwa rahisi mno. Pakiti ililowa. Ilikaa na kuku. Mtu alikuwa ameitoa huko akaihamishia mlangoni mwa friji kabla polisi hawajafika, na mtu huyo sasa alikuwa tayari kufungwa jela. Aligeuka.

"Mama, nyama ya kuku huwa mnaiweka wapi?"

"Inspekta, tafadhali," alisema Jepleting. Alisema kwa sauti ya chini sana, na ndipo Makokha alipoelewa ni nini binti alichokuwa akikichunga. Alielewa kwa kuchelewa. Swali lilikuwa limekwisha kutoka.

"Kuku?" Mama Kipkirui alitabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. "Kwa friza, huko chumba ya maziwa. Unataka nikupikie? Kuja uchague."

Chumba cha maziwa kilikuwa cha saruji, kimeoshwa kikang'aa, madebe ya maziwa yamepinduliwa ukutani. Friza ndefu nyeupe ilikuwa imekaa chini ya dirisha, waya wake umeunganishwa na jenereta iliyokuwa nje. Mama aliipigapiga kwa kiganja jinsi mtu anavyompigapiga ng'ombe mzuri.

"Hii haijawahi kuniangusha. Ile mwezi stima ilipotea hapa, ikakaa siku na siku, friji ya nyumba ikawa moto kama sufuria. Nikakumbuka maneno ya Zeddy. Huyu msichana kila akikuja anatufundisha hapo kwa meza na yai: joto ikiguza dawa ya baba, imeisha. Nikasema, dawa ya mzee haiwezi kuharibika na friza iko. Nikaitoa kwa friji nikaileta hapa, kabla hata sijahamisha nyama."

"Na stima ikarudi," Makokha alisema.

"Ikarudi, lakini ningeirudisha ya nini? Hapa ni baridi kuliko huko. Maziwa nikipeleka kuuza, wananirudishia kama ina joto. Haijawahi rudishwa hata siku moja ati kwa sababu ni baridi sana."

Kipkirui aliitikia kwa kichwa. Hata yeye, na chuki yake yote, hakuona kosa hapo. Kwa watu waliolelewa na maziwa hapakuwa na kosa la kuona.

"Si ilikuwa inaganda, mama?"

"Inaganda, eh. Asubuhi naamka mapema naitoa, naishika hapa." Alijiwekea mkono kwapani. "Nakaa nayo hivyo nikikamua, mpaka iyeyuke iwe na joto ya mwili. Mzee hakupenda kudungwa dawa baridi, ilikuwa inamuuma. Halafu namdunga, nairudisha."

Makokha alishindwa kuandika. Alitamani kinyoya kile kingepeperuka siku ya kwanza, kikapotea kwenye nyasi za Rongai na ukweli wake. Jepleting alikuwa amesimama kizingitini, mgongo umeegemea mbao za mlango, anamtikisia kichwa Inspekta polepole. Alikuwa anamwomba. Ungamo lake lilikuwa bado lipo, lilihitaji kalamu tu. Mama angezika mumewe, angelia, angemlaani bintiye au angemsamehe, na kila alfajiri angeweza kukamua bila kukumbuka kwapa lake.

Na Makokha, ambaye alikuwa amewaambia vijana wengi kituoni kwamba kazi ya mpelelezi ni ukweli na si kingine, alifunga daftari lake.

"Asante kwa chai, mama," alisema. "Nimeona."

"Subiri." Mama Kipkirui alikuwa amefungua friza na kuinama hadi kiunoni. Alihamisha kuku mmoja, akahamisha wa pili, akaibuka na pakiti nyeupe ya barafu, ukungu ukifuka. Aliipangusa kwa leso yake akampa Makokha kwa mikono miwili. "Hii ilibaki. Peleka huko mjini, kuna mtu itasaidia. Iko sawa kabisa, shika uone vile ni baridi. Ile ingine nilimpatia Cherop hapo ng'ambo. Maskini, alienda kliniki wakamwambia dawa imeisha."

Jepleting alitoka kizingitini. "Ulimpatia lini?"

"Jana asubuhi. Nilimwonyesha na vile ya kuyeyusha."

"Anajidunga nayo?"

"Sasa nimpatie ya kuweka kwa kabati? Zeddy, umekuwa aje?"

Jepleting alikuwa na simu mkononi tayari. Vidole vilimkosea namba, akarudia. Sauti ya Cherop, jirani yao wa miaka mingi, ilijaza chumba chote cha saruji.

"Zeddy! Pole, mwanangu, pole na hayo maneno watu wanasema."

"Auntie, unaskia aje mwili?"

"Ah, si mzuri. Hiyo dawa ya mama yako ndiyo nimeanza, lakini kiu, wacha tu. Nimekunywa maji mpaka jagi imeisha na bado. Usiku nimelala chooni. Na hii asubuhi nimetapika."

Mama Kipkirui aliacha kuifunga friza. Mkono wake ulibaki kwenye mfuniko.

"Mzee alianza na kiu," alisema.

Jepleting aligeukia ukuta akaongea haraka haraka kwenye simu. "Auntie, nisikize. Usijidunge tena na hiyo. Usilale. Kaa mlangoni tunakuja kukuchukua. Hapana, hujafanya kosa. Hapana. Tunakuja sasa hivi."

"Mzee alianza na kiu," Mama alirudia, safari hii kwa Makokha, kana kwamba yeye ndiye angeweza kulikanusha. "Halafu choo. Halafu akatapika. Zeddy, hiyo dawa ina nini? Si ilikuwa kwa baridi?"

Binti alikata simu. Makokha alimwona akitafuta uwongo, akaukosa. Mtu alikuwa ng'ambo ya barabara akiungua kiu kwa sababu ya ukimya wake, na binti huyu alikuwa amejua kusema ukweli wa protini maisha yake yote.

"Baridi ya friji ni sawa, mama. Barafu si sawa. Barafu inaikunjua, inashikana, haifanyi kazi tena. Ni kama moto tu."

"Kama yai."

"Kama yai."

Mama Kipkirui alitazama kuku wake, akatazama pakiti iliyokuwa mkononi mwa Makokha, sasa inadondosha maji sakafuni. Aliufunga mfuniko wa friza polepole, akahakikisha umefungika. Kisha akamgeukia mwanawe aliyekuwa amevua kofia yake na kuisokota hadi ikawa kamba.

"Leta pikapu."

"Mama..."

"Cherop kwanza. Leta pikapu."

Kipkirui alipompita dada yake alisimama. Alikuwa amemwita muuaji mbele ya wazee, mbele ya mchungaji, mbele ya polisi, na sasa maneno yote yale yalikuwa hayana pa kurudi. "Zeddy, mimi..."

"Pikapu, Kipkirui," alisema Jepleting, na kaka yake akaenda akikimbia.

Walibaki watatu. Makokha angetoka, lakini wanawake wale walikuwa kati yake na mlango.

"Ulijua," alisema Mama.

"Nilijua siku alikufa. Hata ile siku nilimdunga, sindano ulinipatia wewe ikiwa tayari, sikuona ilikotoka. Nilikuja kutafuta maziwa ya wageni, nikafungua friza, nikaona pakiti juu. Nikaitoa nikaiweka kwa friji. Sikujua kuna ingine chini."

"Na ukasema ni wewe."

"Nilitaka usijue. Hicho tu. Nilijua nikifungwa utanikasirikia, na kukasirika utaweza."

"Na Cherop?"

"Sikujua umempa."

"Ungejua aje, Zeddy? Hukuniuliza. Siku hizo zote ulikaa kimya, ukaniacha na dawa mbaya kwa nyumba, nigawe." Hakupandisha sauti. "Ningegawa yote. Ningezunguka hii kijiji nikigawa."

Jepleting alijikunja hapo hapo, akachuchumaa sakafuni kati ya madebe, akalia kwa sauti. Makokha alitazama dirishani. Kesi ilikuwa imefumbuka, kila fundo mahali pake, na hakukumbuka siku nyingine aliyoona aibu kama hiyo kwa kufumbua kitu.

Pikapu ilinguruma uani. Kipkirui aliingiza kichwa. "Boss, kwa hivyo kesi..."

"Hakuna kesi," alisema Makokha, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Nitapiga simu mochari. Mkamchukue mzee wenu."

Mama Kipkirui alifunga leso upya kiunoni. Alimwinua bintiye kwa kumshika chini ya bega, akamtoa nje, akamfungulia mlango wa gari kama mtoto. Kisha akasimama kwanza, mguu mmoja ndani ya gari.

"Tutazika Jumamosi," alisema. "Zeddy ndiye atasoma maisha ya baba yake. Hapo mahali pa kusema alikufa na nini, asome ni mimi, na ni friza. Asifiche."

"Mama, siwezi kusoma hivyo mbele ya watu."

"Utaweza. Hawa wote watakuja, wote ni watu wa maziwa, wote wako na friza." Aliingia, akaketi kando yake, akavuta mlango. "Joto uliniambia mara nyingi, yai mkononi, baba yako akicheka. Baridi hukuniambia. Waambie wao."

Kipkirui alitia gia. Kupitia dirisha Makokha alimwona Jepleting akiutafuta mkono wa mama yake na kuushika. Mama hakuuondoa mkono wake, lakini uso aliugeuzia upande wa pili, barabarani, kwa Cherop.